Kiti cha Pweza na Hesabu za Mhandisi



Katika mkutano mmoja wa mwaka wa jumuiya yetu, msemaji alitusimulia kisa ambacho naamini wengi wenu mmekwisha kukisikia. Mzee anatembea ufukweni alfajiri. Anamkuta mtoto akiokota viti vya pweza vilivyotupwa nchi kavu na mawimbi, akivirudisha baharini kimoja kimoja. Mzee anamwambia kwamba viko maelfu, ufuko hauna mwisho, na kazi yake haitaleta tofauti yoyote. Mtoto anaokota kingine, anakirusha, anajibu kwamba kwa hicho kimoja imeleta tofauti. Ukumbi ukapiga makofi. Msemaji akamalizia kwa methali ya haba na haba hujaza kibaba, kisha likapitishwa sanduku la michango.

Nami nilipiga makofi, na nilitoa changu. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na kitu kimenikwama kooni. Kwanza, kisa kile nakijua kutoka kwenye chimbuko lake, na huko hakiko hivyo. Pili, ndani yake mna swali ambalo jibu la mtoto yule haligusi, na swali hilo limenikaa moyoni tangu mwaka 2011. Wema mdogo una thamani gani mbele ya haja isiyokwisha? Na mtu akipiga hesabu, akaona kwa haki kabisa kwamba juhudi yake haitabadili jumla, je, amepata udhuru wa kupita zake?

Sisi tulioko ugenini hatuwezi kulikwepa swali hili, maana linatupigia simu. Leo ada ya shule, kesho dawa, keshokutwa msiba. Ukimaliza la huyu, la yule linabisha hodi. Ni nani kati yetu hajawahi kuitazama simu ikilia na namba ya nyumbani, akaiacha ilie hadi inyamaze?

Aliyekiandika kisa hicho ni Loren Eiseley, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1907 katika mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska, akafariki Philadelphia mwaka 1977. Alikuwa mwanaanthropolojia, mchimbuaji wa mifupa ya kale, na alifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hakukulia kwenye raha. Mama yake alikuwa kiziwi, na nyumba yao ilijaa ugomvi na ukimya. Ujanani aliugua kifua, na kuna kipindi alidandia treni za mizigo pamoja na watu wasio na kazi wala makao. Mwaka 1957 alitoa kitabu kiitwacho The Immense Journey, na watu wakashangaa kumwona mtu wa sayansi akiandika kama mshairi. Humo anaeleza jinsi mimea yenye maua ilivyoibadili dunia, na jinsi alivyolala chali juu ya maji ya mto Platte akachukuliwa na mkondo, huku akiwaza milima inayomomonyoka na kusafiri punje kwa punje hadi baharini.

Nilikutana naye kwa bahati tu. Mapema miaka ya 1990 nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa maji Marekani, na nje ya duka moja la vitabu vikuukuu palikuwa na sanduku la vitabu vya bei ya chee. Nilikinunua ili kunoa Kiingereza changu. Nikiri kwamba mwanzoni hakikunipendeza. Sisi wahandisi tumezoea kuliona jibu kwenye ukurasa wa kwanza, na mahesabu yakifuata nyuma. Huyu bwana alikuwa akizunguka, akianza na fuvu, akihamia kwenye nyota, akiishia kwenye usiku wake mwenyewe wa kukosa usingizi. Hata hivyo sikukitupa. Baadaye nikatafuta vingine, na katika kitabu chake cha mwaka 1969, The Unexpected Universe, nikaikuta insha ya The Star Thrower. Hicho ndicho kisa cha mkutanoni, kabla hakijapigwa msasa.

Katika insha hiyo hamna mtoto, wala mzee mwenye kejeli. Yuko mwandishi mwenyewe, mtu mzima aliyechoka na kukata tamaa, katika ufuko anaouita Costabel. Usiku umepita hajalala. Bahari imetupa viumbe vyake nchi kavu, navyo vinakufa kwa kukabwa na mchanga. Kabla hakujapambazuka, mienge inamulika huku na huko: ni watalii wanaokusanya makome, wakishindana kuwahi. Wanayabeba yakiwa na wanyama wake hai ndani, na kwenye mahoteli wamewekewa masufuria ya kuyachemshia ili wapate ganda safi la kupamba kabati. Mbele zaidi, akiwa peke yake, yupo mtu mmoja anayeinama, anakitazama kiti cha pweza kilichojiinua juu ya matope kikitafuta pumzi, kisha anakirusha mbali kupita mawimbi. Eiseley anamuuliza kama naye anakusanya. Mtu yule anajibu kwamba hukusanya kwa namna hiyo tu, na vilivyo hai tu.

Je, mwandishi anafurahi? La. Anaondoka. Anajiambia kwamba mkusanyaji pekee anayefaulu ni mauti. Anarudi chumbani na kuikalia elimu yake yote: Darwin na mapambano ya kuishi, mifupa ya jamii za viumbe zilizokwisha toweka, na picha ya zamani ya mama yake, yule ambaye hakuwahi kujua ampende vipi. Elimu hiyo inamwambia kwamba dunia haina huruma na kwamba yule mrushaji ni mwendawazimu. Anaipima, anaiona ni kweli, na bado anagundua kwamba anaipenda dunia hii inayopita pamoja na vyote vinavyoshindwa ndani yake. Ndipo anapotoka, anamtafuta yule mtu, na bila kumpa hoja yoyote anaokota kiti cha pweza na kukirusha. Hakuna anayesema kwamba italeta tofauti. Mrushaji mwenyewe alikuwa amesema tu kwamba huenda kikaishi, kama mkondo wa kukivuta nje una nguvu ya kutosha.

Mnaona tofauti? Kisa cha mkutanoni kinatupa faraja ya bei nafuu: hesabu kubwa imekushinda, basi chukua hesabu ndogo, moja kwa moja, nayo utaishinda. Na methali ya haba na haba inatuahidi kwamba kibaba kitajaa. Katika ufuko wa Eiseley kibaba hakijai. Kesho bahari itatupa vingine. Swali ni mtu afanye nini pale anapojua wazi kwamba hakitajaa.

Insha hiyo ilinichoma kwa sababu nyingine pia. Mimi nilizaliwa Tanga, na utotoni nilikuwa mmoja wa wale wenye masufuria. Bahari ikitoka wakati wa bamvua, sisi watoto tulitawanyika juu ya miamba ya Raskazone, nyuma ya kina mama waliokuwa wakichokoa pweza. Tulitafuta kauri na makome makubwa. Mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, tulikuwa na debe letu la mafuta ya taa lililokatwa juu. Tulilijaza maji, tukakoka moto wa vifuu, tukatia makome hadi mnyama akalegea na kuvutika kwa msumari. Viti vya pweza hatukuvichemsha. Tulivianika juani, juu ya bati, vikakauka vikiwa vimenyoosha mikono yote mitano. Tuliviuza kwa watalii na kwa mabaharia wa meli za kigeni, na fedha tuligawana sawa kwa sawa. Sijui kama kuna siku nilifikiri kwamba kile kitu kinaumia. Hata lugha yetu haikunisaidia. Tulikipa ngeli ya kiti cha kukalia. Tulisema kiti hiki, hatukusema huyu.

Sasa niwape wenzangu wa fani haki yao, maana hesabu si adui wa huruma. Mara nyingi hesabu ndiyo huruma yenye macho. London mwaka 1854, kipindupindu kilipokuwa kikiua watu mtaa wa Soho, daktari John Snow alihesabu vifo nyumba kwa nyumba, akaonyesha vimelizunguka bomba moja la maji la Broad Street, na mkono wa bomba ukaondolewa. Mimi nimefanya kazi ya maji safi karibu miaka thelathini. Watu wanaokunywa maji tuliyoyatibu hawanijui, nami siwajui, na ndivyo inavyotakiwa. Mhandisi anayemwonea huruma mtu mmoja mwenye kiu akasahau kupima klorini ya tangi zima ni hatari kwa mji. Hata ufukweni ni hivyo hivyo. Yako matumbawe ya Bahari ya Hindi yanayoliwa na jamaa mmoja wa kiti cha pweza, mwenye mikono mingi na miiba yenye sumu. Mmoja tu aliyekomaa hula mita kadhaa za mraba za matumbawe hai kwa mwaka. Wakiongezeka kupita kiasi, wazamiaji huwatoa mmoja mmoja ili mwamba upone. Anayemrudisha majini huyo bila kujua ni nani, ametenda wema na ameua mwamba.

Kwa hiyo siwezi kusema tu kwamba moyo umeishinda akili. Nikisema hivyo nitakuwa nawadanganya. Ila naomba niwaeleze la mwaka 2011.

Mwaka huo binamu yangu yule yule wa debe aliambiwa kwamba figo zake zote mbili zimeacha kufanya kazi. Alihitaji kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Upandikizaji wa figo ulikuja kuanza Muhimbili mwaka 2017; wakati ule wenye uwezo walikwenda India. Nilifungua kompyuta nikachora jedwali, kama nifanyavyo kazini. Mara tatu kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka, na kila mara ina bei yake, na mwisho wa safu hapakuwa na kupona. Wakati huo huo sisi tuliosoma pamoja tulikuwa tukichanga kuchimba kisima kirefu kwa ajili ya shule yetu ya msingi na mtaa unaoizunguka. Fedha za kumsafisha damu kwa miezi sita zilitosha kumaliza kisima, pampu na tangi.

Nilichagua kisima. Nilimtumia binamu fedha za mwezi mmoja na ujumbe mfupi wa kumtakia afya. Baada ya hapo alipiga simu mara kadhaa, nami sikupokea, kwa kuwa sikuwa na la kumwambia. Nilijua anataka nini, na jedwali lilikwisha kujibu. Alifariki mwezi wa tano. Kisima kinatoa maji hadi leo.

Nilipokwenda kuhani, shangazi aliniketisha ukumbini na hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mbona hukuwa ukipokea simu?" Nikababaika, nikasema kazi, nikasema tofauti ya saa. Akasema, "Hakuwa akitaka hela. Alijua huna za kutosha, na mwenyewe alisema kisima ni kizuri. Alikuwa akiona usiku mrefu, anataka mzungumze."

Ndugu zangu, nimelirudia jedwali lile mara nyingi. Sijaona kosa ndani yake. Ningelichora leo, huenda ningechagua kisima tena, na sitaki mtu anifariji kwamba ningefanya vingine. Kosa halikuwa kwenye hesabu. Kosa ni kwamba hesabu ilipokwisha kunionyesha fedha ziende wapi, niliichukua pia kama ruhusa ya kutoinama. Nilipoona haponi, nilimhesabu kuwa amekwisha. Alikuwa na miezi mitano hai, ana sauti, ana kumbukumbu za debe na vifuu, nami nilikwisha kumweka juu ya bati. Nilimhamisha ngeli: kutoka huyu, akawa hiki.

Hapo ndipo nilipoielewa insha ya Eiseley kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeisoma miaka mingi. Yule mtu wa Costabel hakuwa akidai kwamba anaiokoa bahari, wala hakuwa na mpango bora kuliko wa wengine. Tofauti yake na wenye masufuria ni kwamba aliinama na kutazama kama kilicho mbele yake ki hai. Wenye masufuria nao waliokota kimoja kimoja! Mikono yao ilifanya kazi ile ile. Lakini kwao kilichookotwa kilikuwa kimekwisha kufa tangu kilipoonekana. Kilichobaki ni kukisafisha. Mtu anaweza kuwa mkusanyaji hata katika kutoa. Anaweza kukusanya visima, risiti za michango, na majina ya waliosaidiwa, bila kuinama hata mara moja.

Eiseley ana insha nyingine, katika kile kitabu cha 1957, ambayo kila mhandisi angepaswa kuisoma. Inaitwa The Bird and the Machine. Anakumbuka ujana wake, alipokuwa katika msafara uliotumwa kukamata ndege na wanyama hai. Usiku mmoja, ndani ya kibanda kilichohamwa, alipandisha mkono gizani kuwakamata kozi wawili. Dume lilimng'ata na kumshughulisha, jike likapenya tundu la paa na kutoroka. Asubuhi akalitoa dume sandukuni ili alitengenezee kizimba. Akatazama angani, hakuona kitu. Akalilaza kwenye majani. Lilikaa dakika nzima bila kujitikisa, kisha likapaa kama risasi kuingia kwenye mwanga, na kutoka juu kabisa kikasikika kilio cha furaha. Jike halikuwa limeondoka. Lilikuwa likizunguka huko juu muda wote, mahali ambapo jicho la mtu halifiki, likingoja.

Anayasimulia hayo baada ya kusoma gazetini kuhusu mashine ambazo siku moja zitafikiri na kutenda kama viumbe. Haidharau mashine. Anasema tu kwamba mashine haitoki damu, wala haingoji angani kwa saa nyingi bila kujua kama mwenzake atatokea. Siku hizi, ambapo kompyuta zinaandika na kuzungumza, insha hiyo nimeisoma tena. Naona hatari kubwa zaidi ni sisi wenyewe kujizoeza kufikiri kwa jedwali tu, hadi tusiweze kuwaza kwamba kuna mtu mahali fulani anangoja. Jedwali langu lilikuwa na safu ya gharama, safu ya idadi ya watu na safu ya miaka. Halikuwa na safu ya usiku mrefu.

Wahenga wetu wana neno linalokaribia zaidi maana ya insha ile kuliko haba na haba. Walisema: tenda wema wende zako. Hawakusema tenda wema ufaulu. Usingoje shukrani, usingoje matokeo, usingoje kibaba kijae. Lakini nami niliitumia methali hiyo vibaya. Nilituma fedha, nikaenda zangu. Nadhani waliokusudia maneno hayo walitaka tuiache nyuma ile tamaa ya malipo na hesabu ya ushindi. Hawakutaka tumwache mtu.

Basi nina ombi dogo kwa jumuiya yetu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Fedha tuzigawe kwa akili. Tuchague visima, tuchague shule, tubishane juu ya jedwali, na wanaojua hesabu tusione haya kuzisema. Ila kila sanduku la michango linapopitishwa, ipitishwe na karatasi ya pili yenye majina ya wagonjwa na wafiwa wetu, hapa na nyumbani, hasa wale ambao tumekwisha kukubaliana kwamba fedha zetu haziwezi kuwaokoa. Kila mmoja achukue jina moja, apige simu, azungumze.

Mimi nimeanza. Sijawa mtu bora, na bado kuna namba ninazoziogopa. Jumapili iliyopita nilizungumza saa nzima na mzee mmoja wa Pangani ambaye saratani yake haina dawa tena. Hakuniomba kitu. Alitaka kujua kama huku kuna bahari, na kama maji yake hutoka na kuingia kama ya kwetu.

Wasalaam.